Wa kumi hajafika

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, siku ya kazi. Ndani ya sinagogi ndogo wamo wanaume tisa. Wamejitanda shali zenye vishada kwenye pembe, wamefunga vijisanduku vya ngozi mkononi na juu ya paji la uso, na wameshaanza kunong'ona zile sala ambazo mtu anaweza kuzisali hata akiwa peke yake. Lakini wanajua kwamba mbele kidogo kitabuni kuna mahali watalazimika kusimama na kungoja. Mmoja wao yuko mlangoni, simu sikioni. "Uko wapi? Tuko tisa."

Anayepigiwa haulizi "tisa" maana yake nini. Anaacha chai mezani, anatafuta viatu, anatoka.

Simu ya namna hiyo hupigwa London, hupigwa Johannesburg, hupigwa katika miji mingi ambako Wayahudi ni wachache. Naianza nayo makala hii kwa sababu watu wengi wanaoitazama dini ya Kiyahudi kwa mbali huona makatazo tu: amri 613 kwa hesabu ya jadi, nyama isiyochanganywa na maziwa, Jumamosi isiyowashwa moto wala kuguswa pesa. Halafu wanakutana na Wayahudi wanaosema kwamba kuwa mtu wa sinagogi fulani ni moja ya furaha kubwa za maisha yao, na wanajiuliza furaha hiyo inachungulia kutoka dirisha gani. Kwa maoni yangu jibu limo ndani ya ile simu. Ni wapi kwingine ambako mtu wa kawaida, asiye tajiri wala msomi wala mwenye sauti nzuri, huambiwa saa kumi na mbili na nusu asubuhi kwamba bila yeye mambo hayaendi?

Sheria yenyewe inaitwa minyani, yaani hesabu. Sala kadhaa zilizo kiini cha ibada, pamoja na kusoma Torati hadharani kutoka kwenye gombo, hazifanyiki bila watu wazima kumi, na utu uzima wa kidini huanza miaka 13. Wasomaji wa pwani wataikumbuka ile hesabu ya watu arobaini ambayo madhehebu ya Shafii huitaka ili Ijumaa isimame. Tofauti ni kwamba arobaini msikitini ni jambo la mara moja kwa wiki, na mji wenye watu hauhangaiki kuipata. Kumi ya Wayahudi hutafutwa asubuhi, alasiri na jioni, na jumuiya yenyewe mara nyingi ni ndogo. Kwa hiyo pengo la mtu mmoja huonekana.

Chanzo cha hiyo kumi kinachekesha kidogo. Marabi wa kale waliitoa katika kitabu cha Hesabu, kwenye kisa cha wapelelezi kumi na wawili waliotumwa na Musa kuikagua nchi ya Kanaani. Wawili walirudi na habari njema. Kumi walirudi na hofu, wakawavunja watu moyo, na Mungu akawaita "mkutano mwovu". Marabi wakasema: haya basi, neno "mkutano" limetumika kwa watu kumi, hivyo mkutano ni kumi. Hawakuchagua kumi wa watakatifu. Kipimo cha jumuiya ya ibada kimetolewa kwa watu kumi waoga walionung'unika, na yeyote aliyewahi kukaa katika kamati ya msikiti au baraza la kanisa atakubali kwamba kipimo hicho kinatekelezeka.

Namna ya kuhesabu nayo ina adabu yake. Mapokeo hayapendi watu wahesabiwe moja, mbili, tatu kama mbuzi. Hata huku kwetu wapo wazee ambao ukiwauliza wana watoto wangapi watakujibu kwa mzunguko, maana kutaja idadi ni kualika husuda. Kwa hiyo sinagogini huchukuliwa mstari wa Zaburi ya 28 unaoanza kwa kumwomba Mungu awaokoe watu wake na kuubariki urithi wake. Kwa Kiebrania una maneno kumi kamili. Mhesabuji hupitisha macho kwa waliopo na kila mmoja hupata neno lake. Mstari ukikatika kabla ya neno la mwisho, simu inatolewa mfukoni.

Hapa inabidi kuifungua fundo moja: sinagogi ni nini hasa? Wengi hudhani ni kanisa la Wayahudi, lenye rabi badala ya padri. Kwa upande wa lugha wanakaribia ukweli bila kujua. Neno letu "kanisa" tumelipata kwa Waarabu, nao walilipata katika Kiaramu, ambako maana yake ni mkusanyiko. Kiebrania huiita sinagogi "beti kneseti", nyumba ya mkusanyiko, na bunge la Israeli ni Knesset kwa mzizi huohuo. "Sinagogi" yenyewe ni Kigiriki, na maana ni ileile. Nyumba ya kukusanyika.

Lakini muundo wake ni kitu kingine. Hakuna askofu wala makao makuu yanayompangia rabi kituo. Watu kumi wenye gombo la Torati wanaweza kuanzisha sinagogi katika sebule, na kuongoza sala hakuhitaji rabi. Yeyote anayejua anasogea mbele. Rabi ni mwalimu na mwamuzi wa masuala ya sheria, na kwa kawaida ameajiriwa na waumini wenyewe, ambao pia wana uwezo wa kutomwongezea mkataba. Fedha nazo zina mkondo wake. Kwa kuwa Sabato hairuhusu kugusa pesa, hakuna kikapu cha sadaka kinachopita kwenye viti Jumamosi. Umeme, paa na mshahara wa rabi hulipiwa kwa ada ya uanachama ya mwaka na kwa ahadi za michango. Ndiyo maana Myahudi husema "mimi ni mwanachama wa sinagogi fulani" kwa lugha ambayo sisi tungeitumia kwa chama cha ushirika. Sinagogi ni mali yao, na kero zake ni zao.

Sasa nirudi kwa yule wa kumi, kwa sababu uzito wa kumi huonekana vizuri zaidi msibani.

Myahudi akifiwa na mzazi hutakiwa kusema kadishi. Ni sala fupi ya Kiaramu, na inashangaza kwa kile isichokisema: haitaji kifo, haimtaji marehemu, haiombi chochote kwa ajili ya kaburi. Inaanza kwa kutaka jina kuu la Mungu litukuzwe na litakaswe, na inaendelea hivyo hivyo kwa sifa hadi mwisho, ambapo inaomba amani. Anayeisema ni mtu ambaye, kwa wakati ule, huenda hana hata chembe ya hamu ya kumsifu Mungu. Na hawezi kuisema peke yake. Lazima wawepo kumi, na lazima wamwitikie: jina lake kuu lihimidiwe milele na milele. Yatima anasimama, anatetemesha maneno, na chumba kizima kinamjibu.

Hufanya hivyo kila siku kwa miezi kumi na moja. Kwa nini isiwe mwaka mzima? Mapokeo yanasema hukumu ya mtu mwovu baada ya kufa hudumu miezi kumi na miwili, na mtoto akisema kadishi mwaka mzima atakuwa kama anayetangaza kwamba mzazi wake alikuwa mwovu. Basi huacha mwezi mmoja mapema, kwa heshima.

Hebu fikiria mtu ambaye tangu ujana hakukanyaga sinagogi ila kwenye sherehe. Baba anafariki. Anakuja kwa ajili ya kadishi, anakaa nyuma, hajui afungue ukurasa gani. Mzee wa kiti cha pembeni anamnyooshea kidole kwenye mstari bila kumtazama. Kesho hivyo hivyo. Mwezi wa tatu anajua nani ana kikohozi na nani mjukuu wake amefaulu mtihani. Mwezi wa sita ndiye anayekuja na ufunguo. Miezi kumi na moja inaisha, deni lake kwa baba limelipwa, hakuna amri mahususi inayomlazimisha kurudi kesho kwa ajili ya marehemu. Wengi hurudi. Yupo mtu mwingine aliyefiwa wiki iliyopita, na huyo naye anahitaji kumi.

Kabla ya miezi hiyo zipo siku saba za kwanza, shiva, ambazo Mswahili atazitambua upesi kama matanga. Wafiwa hukaa nyumbani kwenye viti vifupi, nguo imechanwa upande, vioo vimefunikwa, na minyani huwafuata hukohuko ili kadishi isemwe bila wao kutoka. Mlo wa kwanza baada ya mazishi hawaruhusiwi kula chakula chao wenyewe. Huletewa na majirani, na jadi ni vitu vya duara kama mayai na dengu. Mgeni anayeingia hatakiwi kuanza mazungumzo. Hukaa kimya hadi mfiwa aseme neno. Nikifikiria maswali tunayowarushia wafiwa wetu, "kwani aliugua nini?", naona kanuni hiyo ina busara ambayo tungeweza kuiazima bila kubadili dini.

Kabla ya hayo yote kuna kikundi kinachoitwa hevra kadisha, watu wa kawaida wa jumuiya wanaojitolea kuosha maiti, wanaume kwa wanaume na wanawake kwa wanawake, na kuivika nguo nyeupe za kitani zisizo na mifuko. Muislamu hahitaji kuelezwa zaidi. Kazi hiyo Wayahudi huiita wema wa kweli, kwa sababu anayetendewa hawezi kurudisha fadhila.

Utaniuliza: makala ni ya furaha, mbona tumekaa makaburini? Ni kwa sababu katika sinagogi vitu hivi viwili hutumia mlango mmoja, na hili nalisema kwa maana halisi kabisa. Ijumaa jioni, jua linapozama, Sabato hupokewa kwa wimbo uliotungwa na Shlomo Alkabetz katika mji wa Safed, karne ya 16, unaoiita Sabato bibi harusi. Ubeti wa mwisho ukifika, watu wote hugeuka wakautazama mlango na kuinama kidogo, kana kwamba bibi harusi anaingia. Katika sinagogi nyingi, aliyefiwa wiki hiyo huwa amesubiri nje. Baada ya ubeti ule ndipo huingia, kupitia mlango uleule ambao watu wametoka kuuinamia, nao humwambia: Mungu akufariji pamoja na waombolezaji wote wa Sayuni na Yerusalemu. Kisha sala ya Sabato inaendelea, na yeye ndani yake.

Jumamosi asubuhi ibada ni ndefu, na nisiwadanganye, wapo wanaosinzia. Baada yake kuna kidushi: baraka juu ya kikombe cha divai, halafu mikate, samaki, saladi, keki, na kwa Wayahudi wa asili ya Ulaya Mashariki sufuria la cholenti, nyama na maharage na shayiri vilivyowekwa motoni kabla ya jua la Ijumaa kuzama na kuachwa viive usiku kucha kwa kuwa Jumamosi hakuna kupika. Wayahudi wa Morocco na kwingineko wana sufuria lao la namna hiyo lenye viungo tofauti. Hapo ndipo habari zote za jumuiya hubadilishwa: nani anatafuta kazi, nani ana binti wa kuozwa, nani hajaonekana. Talmudi, mkusanyo wa mafundisho ya marabi wa kale, ina usemi kwamba mtu aliyezoea kuja sinagogi, siku moja asipokuja, Mungu humwulizia. Kwenye meza ya kidushi kazi hiyo ya Mungu husaidiwa kwa bidii kubwa na akina mama.

Furaha hasa, ile ya kuruka, ina siku yake. Mwisho wa sikukuu za majira ya vuli kuna Simhati Tora, Furaha ya Torati. Magombo yote hutolewa kabatini na watu huyazungusha mara saba sinagogini wakicheza na kuimba, watoto wakiwa mabegani na bendera mikononi. Gombo moja ni ngozi iliyoandikwa kwa mkono, herufi 304,805, na herufi moja ikifutika gombo zima halifai kusomwa mpaka irekebishwe. Ni zito. Likianguka, desturi huwataka walioliona likianguka wafunge. Kwa hiyo wanacheza wakiwa wamebeba kitu ambacho hakuna anayethubutu kukidondosha, na kila mmoja akichoka kuna mikono inayongoja kupokea. Usomaji wa mwaka hukamilishwa kwa aya za mwisho za Kumbukumbu la Torati, Musa anakufa, na papo hapo gombo jingine linafunguliwa: "Hapo mwanzo". Hakuna hata siku moja ya kupumzika katikati.

Maimoni, mwanasheria na tabibu wa karne ya 12 aliyeishi Misri, aliweka mpaka mkali juu ya furaha ya namna hii. Anayefunga milango ya ua wake siku ya sikukuu akala na kunywa na mkewe na watoto wake bila kuwalisha maskini na wenye uchungu wa moyo, aliandika, hiyo si furaha ya amri ya Mungu. Ni furaha ya tumbo lake. Sioni maelezo mafupi zaidi ya kwa nini Wayahudi hutembea hadi sinagogini na hawasali tu nyumbani.

Sasa upande wa pili, maana ukihesabu watu, kuna watakaoachwa nje ya hesabu. Katika sinagogi za Kiorthodoksi, yaani za Wayahudi wanaoshika sheria ya jadi kwa ukali, kumi hao ni wanaume. Wanawake husali upande wao, nyuma ya kizuizi au ghorofani. Wapo wanaoridhika nayo na wanaoitetea kwa hoja. Wapo pia mabinti waliokuja kumsalia baba zao kadishi wakakuta wanaume tisa, wakasimama pale, na hesabu ikabaki tisa. Vuguvugu la Mageuzi liliwahesabu wanawake mapema, na vuguvugu la Kihafidhina, ambalo jina lake lisikupoteze kwa kuwa liko katikati ya hayo mawili, liliruhusu jambo hilo mwaka 1973. Mimi naona hoja ya wanaowahesabu wanawake ina nguvu: kama furaha ya mahali hapa ni kuhitajika, kumwambia mtu aliyekuja alfajiri kwamba uwepo wake haubadilishi kitu ni kumnyima kiini chenyewe.

Na kuna ugomvi wa kawaida. Wayahudi wenyewe husimulia habari ya mtu aliyekwama kisiwani peke yake kwa miaka. Waokoaji wanafika, wanakuta amejenga sinagogi mbili. "Za nini mbili?" Anajibu: "Hii ndiyo ninayosali. Ile nyingine sitaikanyaga mpaka nife."

Masihara hayo yana ushahidi hata Afrika Mashariki. Mwaka 1919 Semei Kakungulu, mkuu wa vita wa Kiganda aliyewasaidia Waingereza kuiteka Uganda ya mashariki kisha akakosana nao, alisoma Biblia yake, akauliza kwa nini tohara imeachwa, akaambiwa hayo ni mambo ya Wayahudi. Basi sisi ni Wayahudi, akasema, akajitahiri yeye na wanawe. Alifariki 1928, na wafuasi wake karibu na Mbale, wanaoitwa Abayudaya, wakaendelea. Idi Amin alipoipiga marufuku dini yao walisali kwa siri, wengi wakahamia dini nyingine, na utawala wake ulipoanguka 1979 walikuwa wamebaki mia kadhaa tu. Leo wako kama elfu mbili. Mwaka 2002 mamia yao walipokewa rasmi na mahakama ya marabi wa Kihafidhina. Gershom Sizomu alipata urabi Marekani mwaka 2008, na mwaka 2016 sinagogi mpya kubwa ilifunguliwa kwenye kilima cha Nabugoye. Huko zaburi huimbwa kwa Kiebrania na kwa Luganda, kwa mahadhi ya kwao, na wanawake huhesabiwa. Lakini kijiji cha Putti, si mbali, kilichagua kufuata Uorthodoksi na kina sinagogi yake. Kisiwa kimoja, sinagogi mbili. Na juu ya wote hao marabi wa Kiorthodoksi huko Israeli wana lao la kusema kuhusu wongofu upi unakubalika, yaani swali la nani yumo kwenye hesabu halijaisha.

Nairobi ni habari nyingine. Sinagogi iliyo pale Uhuru Highway inapokutana na University Way, ambayo maelfu huipita ndani ya matatu bila kujua ni nini, ni ya jumuiya iliyoanza mwanzoni mwa karne ya 20, siku zile Waingereza walipowapa Wazayuni wazo la kuwahamishia Wayahudi Uasin Gishu. Mpango huo watu waliuita wa Uganda ingawa ardhi leo iko Kenya, na Wazayuni waliukataa 1905. Sinagogi ya kwanza ilijengwa kati ya 1912 na 1913, na jengo la sasa ni la miaka ya 1950. Katika jumuiya ndogo kama hizi mgeni ni neema: mfanyabiashara wa Kiyahudi aliyekuja kwa siku tatu anaweza kujikuta, kabla hajafungua sanduku hotelini, ndiye neno la mwisho la mstari wa Zaburi.

Ukialikwa siku moja, utaombwa kitambulisho mlangoni, maana ulinzi ni mkali katika sinagogi nyingi duniani. Mwanaume atapewa kofia ndogo kama hana. Mtu atakuonyesha ukurasa. Utaketi pamoja nao, na kama ni asubuhi ya siku ya kazi unaweza kuwaona wakitazamana na kunong'ona lile Zaburi. Kwa macho ninyi ni kumi. Lakini wewe ni mgeni, na kwao bado ni tisa. Kisha mlango unafunguka, anaingia mzee anayehema, shali iko kwapani, na kabla hajaketi mtu aliye mbele ameshaanza kuimba.